Tundu la Tano

Kila Ijumaa saa mbili asubuhi, jua likiwa bado na adabu, fundi wa Idara ya Bustani aliitoa mashine ya kulimia bandani, akaisimamisha juu ya gunia, akaanza kuihudumia. Alianza na oili. Alichomoa kijiti, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena na kukisoma kwa jicho moja. Kisha chujio la hewa, ambalo alilikung'uta gotini mpaka suruali ikapata rangi ya udongo wa wiki nzima. Kisha plagi: aliifungua, akaisugua kwa brashi, akaupima mwanya wake kwa ukucha, kwa sababu kipimo chenyewe kiliibwa zamani na hakuna aliyekuwa na haraka ya kununua kingine. Mwisho alilala chali akavikagua visu kimoja kimoja, akiondoa nyasi zilizojiviringa kwenye ekseli na kukaza kila bolti iliyojifanya imekaza.

Kwenye daftari la vifaa mashine ile iliitwa Kipindua Udongo Namba Nne. Namba Moja, Mbili na Tatu hazikuwahi kuonekana na mtu, ingawa taarifa za matengenezo yake zilijazwa kila mwaka bila kukosa. Wafanyakazi walimwita Fuko, kwa kuwa alichimba bila kutazama anakokwenda, jambo ambalo pale Idarani halikuwa la Fuko peke yake.

Nyuma ya Fuko palikuwa na chuma kinachoning'inia, chenye matundu matano, ambacho mafundi hukiita mkia. Mkia ndio unaoamua kina. Pini ikichomekwa tundu la kwanza, visu vinaukuna udongo tu. Tundu la pili vinashuka kiganja kimoja, na hicho ndicho kina cha maua. La tatu na la nne ni kwa watu wanaolima ili wale. Tundu la tano hakuna aliyewahi kulitumia; lilikuwa bado limezibwa na rangi ya kiwandani. Kwa miaka kumi na miwili Fuko alilima kwa tundu la pili, na fundi alikuwa na sababu zake za kulipenda tundu hilo.

Bustani ya mbele, ile yenye maua yaliyopandwa kwa umbo la neno KARIBU, ilikuwa imekaa juu ya nyumba ya dada yake.

Dada huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Mwaka ule alikuwa amekwenda siku mbili kumuuguza shangazi. Aliondoka akiacha nyumba, kuku anayeatamia, birika jikoni na mume. Aliporudi alikuta nyasi, na mtu akizimwagilia. Aliuliza nyumba yake iko wapi, akajibiwa kwamba pale hapakuwahi kuwa na nyumba. Aliuliza mume wake yuko wapi, na hapo walimcheka kidogo, maana mume aliyepotea ana jibu lake katika kila mtaa: kaingia mitini na mwanamke. Jibu hilo lilimfuata dada sokoni, kisimani na msibani, mpaka akazoea kulisikia likisemwa nyuma ya mgongo wake kabla hajamaliza kupita.

Katika jalada la Idara kulikuwa na karatasi ya mstari mmoja: *Nyumba imekaguliwa, haina mtu.* Kwamba nyumba ambayo haikuwahi kuwepo ilikaguliwa, Idara haikuona tatizo. Sahihi iliyokuwa chini ya mstari ule ni ya fundi. Wakati huo hakuwa fundi. Alikuwa kibarua wa kufyeka, akatumwa yeye kwa sababu ndiye aliyeujua mlango. Wiki iliyofuata aliajiriwa. Dada yake alifurahi, akampikia, akamwombea heri, kisha akahamia kwake, kwenye kochi la sebuleni ambalo miaka yote hiyo liliitwa kitanda cha muda. Watu waliposema shemeji yake katoroka, fundi hakusema ndiyo wala hapana. Alifunika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu akapita kweli, kila asubuhi, kitambulisho kikining'inia shingoni.

Kila mwezi dada alileta barua, akaketi kwenye benchi la nje. Mkuu wa Idara alikuwa mtu wa maneno manne, na kwa maneno hayo manne alikuwa ameongoza watu sitini bila kuumwa kichwa: *Suala lishughulikiwe kwa kina.* Aliyaandika kwa wino wa kijani juu ya kila karatasi iliyomfikia. Choo kikiziba, kwa kina. Mlinzi akiomba koti la mvua, kwa kina. Mvua ilipita, mlinzi akalowa, suala likaendelea kushughulikiwa. Barua za dada zilikuwa zimefika mia moja arobaini na tatu, zote zina kijani pembeni, na yeye alizihifadhi chini ya kochi kwa mpangilio wa tarehe.

Ukawadia mwaka ambao Idara ilitarajia wageni. Mkuu aliamuru neno KARIBU lipandwe upya kwa herufi kubwa zaidi, ili lisomeke na mtu aliye ndani ya gari linalokwenda kasi. Fomu ya mashine nayo ilikuwa imebadilishwa. Zamani kwenye nafasi ya *Kina kinachotakiwa* fundi aliandika mwenyewe mbili, basi. Fomu mpya ilisema nafasi hiyo ijazwe na Mkuu. Fundi akaiacha wazi, akaipeleka kwa karani, na baada ya siku tisa ikarudi ikiwa na wino wa kijani.

Fundi aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena, akarudi nayo dirishani kwa karani.

“Hapa kaandika kwa kina.”

“Si ndivyo anavyoandika siku zote?” alisema karani, bila kuacha kugonga mihuri.

“Lakini fomu inauliza kina gani.”

“Na yeye kajibu. Ulitaka akuchoree?”

“Kwa hiyo kwa kina ni tundu la ngapi?”

Karani alikuwa mwanamke wa makamo aliyewahi kufundisha lugha kabla hajachoshwa na watoto wa watu. Aliuweka muhuri chini, akalifikiria swali kwa heshima. “La mwisho,” alisema. “Hakuna mtu anayesema kwa kina akimaanisha juu juu.”

“Una hakika?”

“Fundi, mimi najua maana ya maneno. Anachotaka Mkuu sikijui, na wala hajawahi kukisema.”

Fundi alirudi bandani akakaa juu ya ndoo. Alijua kilichokuwa chini ya tundu la pili. Angeweza kuandika barua ya kuomba ufafanuzi, na akajua atajibiwa kwa maneno gani. Alikuwa amekula mkate wa miaka kumi na miwili kwa kufanya alichoambiwa na karatasi, na uoga wake ulikuwa mkubwa pande zote mbili, basi akachagua upande wenye sahihi ya mtu mwingine. Alichukua bisibisi, akaikwangua rangi iliyoziba tundu la tano, akachomeka pini, akaifunga kwa klipu. Aliukaza mkanda, akaujaribu waya wa klachi mara mbili. Kisha akavuta kamba, na Fuko akawaka kwa mvuto wa kwanza, maana huduma alikuwa amepata.

Mashine ilitikisika, ikainamisha pua, ikashuka. Saa tatu na dakika kumi ilitokea ncha ya paa. Fundi akapunguza moto, kwa sababu bati likiingia kwenye visu huwa ni kazi ya siku nzima kulitoa. Saa tatu na nusu zilitokea kuta. Alizizunguka pembe kwa uangalifu, akarudi nyuma alipokaribia fremu ya dirisha, akamalizia upande wa jikoni. Ilipogonga saa nne nyumba yote ilikuwa juu ya ardhi, ikidondosha udongo, maua ya herufi B yakiwa yamesimama kwenye paa. Fundi alifunga koki ya petroli, akaiacha injini ipoe. Mlinzi alikuja akauliza kama nyumba imesaini kitabu cha wageni.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka shemeji, mume wa dada, amevaa fulana, alama za mkeka zikiwa bado shavuni. Hakuwa ameongeza hata unywele mmoja mweupe. Alilitazama jua, akamtazama fundi, akaitazama mashine.

“Shemeji, mbona kelele hivyo mchana wote huu? Mtu hawezi kulala.”

“Nilikuwa kazini, shemeji,” alisema fundi, macho yakiwa kwenye mkia.

“Dada yako karudi?”

“Yuko pale kwenye benchi.”

“Mwambie chai iko tayari. Na yule kuku asimkaribie, sijui kapatwa na nini.”

Kuku alikuwa ameatamia mayai yaleyale kwa miaka kumi na miwili, na hasira yake ilikuwa ya haki. Birika lilikuwa linachemka. Dada aliitwa, akaja na barua ya mia moja arobaini na nne mkononi, akasimama mbele ya mumewe, mwanamke mwenye mvi mbele ya mwanamume wa miaka thelathini na minane.

“Umezeeka,” alisema mumewe. “Ulikaa sana kwa shangazi.”

“Nilikaa,” alisema dada. “Na wewe hukwenda popote?”

“Niende wapi niache nyumba wazi, na wewe uliondoka na ufunguo?”

Dada alikaa kizingitini akalia. Alilia kwa furaha na kwa hasira, na hasira ndiyo iliyotangulia. Kisha akafuta uso, akasimama, akawageukia wafanyakazi waliokuwa wamekusanyika na mipira yao ya maji. “Walioniambia kaingia mitini wako wapi?” Mmoja alianza kumwagilia njia ya lami. Fundi alikuwa amepiga magoti anafuta visu, na alivifuta vikawa visafi kuliko vilivyotoka dukani.

Mkuu aliletewa kiti nje. Hakushangaa, mtu aliyefika cheo chake hujifunza kutoshangaa kwa kuwa mshangao huhitaji kufuatiliwa. Aliuliza jambo moja tu: je, kitu hiki kimejengwa au kimelimwa? Akaambiwa kimelimwa. Basi akaeleza, kwa upole, kama anayewafundisha wajukuu, kwamba kinachotoka kwenye udongo wa Idara kwa mashine ya Idara ni zao la Idara. Karani akaitwa na daftari la mazao. Baada ya mstari wa *Waridi, miche mia mbili*, akaandika: *Nyumba, moja. Birika, moja. Kuku, mmoja, mkali. Mume, mmoja. Hali: anatumika.*

“Natumika kwa kazi gani?” aliuliza shemeji.

“Itaamuliwa,” alisema Mkuu.

“Huyu ni mume wangu,” alisema dada.

“Kuna cheti?”

“Kipo ndani, kwenye sanduku.”

“Basi nacho ni sehemu ya zao. Usikiguse mpaka kiorodheshwe.”

Wageni walipokuja walifurahi mno. Hawakuwa wamewahi kuona idara ya bustani inayotoa nyumba. Mmoja wao alipendekeza paitwe Onyesho la Makazi, na kibao kikapigwa rangi siku hiyohiyo: *Kufungua saa mbili asubuhi. Kufunga saa kumi jioni. Usiguse mume.* Dada aliruhusiwa kuingia kama mwananchi mwingine yeyote, kwa saa za wananchi. Alikuja kila siku mlango ukifunguliwa, akafagia, akapika, akafua mashuka yenye udongo, huku watoto wa shule wakipita kwa foleni na mwalimu wao akionyesha kwa kijiti: huyu ni mke, anafagia, huyu ni mume, anakunywa chai. Mara nyingine mtoto aliuliza kwa nini mke ni mzee hivi, na mwalimu alijibu kwamba yeye si wa onyesho.

Barua ya mia moja arobaini na nne haikuomba nyumba wala kiwanja. Dada alikuwa ameirarua ile aliyokuja nayo, akaandika nyingine. Aliomba ile karatasi ya jaladani irekebishwe, iandikwe kwamba nyumba ilikuwa na mtu, na kwamba mtu huyo hakumkimbia mkewe. Aliomba pia aonyeshwe nani aliitia sahihi. Siku hiyo fundi alisahau kurudisha kofia ya tangi, akamwagikiwa petroli miguuni.

Karani alilifungua jalada, akaitazama ile sahihi kwa muda mrefu, akamtazama fundi kupitia dirisha, akalifunga. “Haisomeki,” alimwambia dada. “Wanaume wa hapa wanaandika kama kuku anayeparua.” Na kweli haikusomeka, kwa asiyetaka kuisoma. Mkuu naye alijibu kwamba karatasi yenye sahihi haiwezi kukanushwa na mtu anayekunywa chai dirishani, kwani mtu huyo hana sahihi popote. Pembeni aliandika kwa kijani: *Suala lishughulikiwe kwa kina cha tundu la pili.* Tangu siku hiyo maneno yake yakawa manane, na watu walisema cheo kinamkomaza. Tundu la tano likachomelewa kwa chuma. Kwenye fomu ya kila Ijumaa fundi aliandika: *Matundu manne. Mashine iko sawa.*

Ufunguo wa nyumba alipewa yeye, kwa hoja kwamba aliyelitoa zao ndiye alitunze. Hivyo kila siku ikifika saa kumi alinawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, akavuka bustani, akasimama mlangoni, akasema, “Dada, muda umeisha.” Dada alikunja alichokuwa anakunja, akamfunika kuku kwa tenga, akamwekea mumewe chakula cha jioni, akatoka. Shemeji alibaki ndani, kwa sababu zao haliondolewi bustanini bila kibali, na kibali kilikuwa kinashughulikiwa. Waliagana mlangoni kwa kushikana mikono tu, kwa kuwa mlinzi alikuwa anatazama. Fundi alifunga, akajaribu kitasa, akaandika saa.

Ilikwenda hivyo miezi minne. Kuna jioni moja, fundi akiwa tayari ameuingiza ufunguo kwenye kufuli, shemeji alikuja dirishani akaegemea nondo. Dada alikuwa hatua tatu nyuma, anapanga vyombo kwenye kikapu. Shemeji hakuwa na ubaya. Alikuwa tu mtu mwenye jioni ndefu na jambo moja la kufikiria.

“Shemeji, nimekumbuka kitu. Siku ile nilikuwa nimejilaza. Nilisikia mtu kapiga hodi.”

Fundi aliushika ufunguo.

“Moja tu. Usingizi ulikuwa mtamu, nikasema mwenye shida atapiga ya pili, nitaitika. Ya pili nikaisikilizia, haikuja. Na sauti niliijua, ndiyo maana sikuharakisha. Nilisema, aah, huyu si mgeni.”

Bomba la kumwagilia lilikuwa linadondoka mahali fulani kwenye herufi U.

“Moja?” aliuliza dada.

Fundi hakugeuka. “Katapila lilikuwa limeshawashwa, dada. Dereva alikuwa anapiga honi. Waliniambia nikague haraka.”

“Nimeuliza, moja?”

“Moja.”

Dada aliinama akakiokota kikapu. Hakupiga kelele, na wafanyakazi waliokuwa wakingoja bandani kusikia kelele walirudi kuvaa viatu vyao. Alimwambia mumewe alale salama, asile wali uliolala bila kuupasha. Alimwambia mdogo wake afunge, maana saa kumi zimepita na atapata taabu na mlinzi. Fundi akazungusha ufunguo, akajaribu kitasa, akaandika saa. Mwandiko ulikuwa uleule.

Walitembea kwenda nyumbani yeye akiwa nyuma, dada mbele, kama walivyotembea alipokuwa anampeleka shule. Fundi alitafuta la kusema. Alipata maneno ya kijani tu, akayaacha. Alitamani dada amtukane, amzabe kofi, amwambie kwamba maziwa aliyomnunulia utotoni yamtokee puani. Dada aliwasalimia majirani, akamuuliza mmoja hali ya mguu wake, akaongeza mwendo.

Walipofika, fundi alitoa funguo mfukoni. Ilikuwa nyumba yake ya vyumba viwili, hakuwa na mke wala mtoto, na kwa miaka kumi na miwili dada alikuwa akiingia humo moja kwa moja akatupa kikapu juu ya kochi. Jioni ile aliunyoosha mkono akamzuia. Alisimama mbele ya mlango uliofungwa, akaweka nguo zake sawa, akapiga hodi.

Akangoja, kichwa kikiwa kimeinama upande, kwa muda ambao mtu aliyelala angehitaji kuamka. Akapiga ya pili, kwa sauti kubwa zaidi. Akangoja tena. Jirani alifungua dirisha, akaona ni wao, akalifunga. Dada akapiga ya tatu, akangoja muda mrefu kuliko zile mbili, mpaka mdogo wake akauchagua ufunguo akaushika tayari.

“Sasa fungua,” alimwambia. “Hamna mtu.”

Fundi akafungua, na kweli hamkuwa na mtu.